Rimasta za muziki wa dansi: FLAC, Spek na sabufa ya bamdogo

Machi, mvua imeanza

Mradi ni uleule: kukusanya muziki wa dansi wa miaka ya 60 na 70 kwa kuununua, siyo kurushiwa nyimbo kwenye flashi pale karibu na stendi ya Moshi. Albamu za zamani zinazouzwa mtandaoni sasa hivi nyingi zimeandikwa rimasta, yaani rekodi ya zamani iliyotengenezwa upya sauti yake, na ukishalipa unaambiwa uchague aina ya faili: MP3, AAC, FLAC, ALAC au WAV. Maduka mengine yanakuwekea na toleo la biti 24, bei imepanda kidogo.

Hesabu kwanza, maana bando ni hela. CD tangu ilipoingia sokoni 1982 ni sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani sauti inapimwa mara hizo zote, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16. Ukiiacha hivyohivyo kwenye WAV, dakika moja ya stereo inakula kama megabaiti 10. FLAC inaibana hadi karibu nusu, na ikifunguliwa kila biti inarudi mahali pake. ALAC inafanya kazi hiyohiyo kwa watu wa iPhone. MP3 ya kilobiti 320 inakula megabaiti 2.4 tu kwa dakika, ila kuna vitu imevitupa. Maziwa ukishayaengua malai, hata uyamimine kwenye ndoo kubwa, malai hayarudi; ndiyo maana kugeuza MP3 kuwa FLAC ni kujaza diski bure.

Na biti 24? Kwa sampuli 96,000, dakika moja ni kama megabaiti 35 kabla ya kubanwa. Mimi nimeiacha. Sampuli 44,100 zinabeba sauti hadi kilohezi 22, na sikio la mtoto mwenyewe linaishia kwenye 20 hivi. Langu limekulia jirani na mashine ya kusaga, sitalidai hata hizo. Faida kubwa ya biti 24 iko studio, wakati wa kurekodi na kuchanganya. Halafu kanda za enzi zile zina ile shiii yake, ambayo iko juu kuliko kelele yoyote ya biti 16. Nalipia FLAC ya kawaida, basi.

Aprili

Nimeanza kuyapitisha mafaili yote kwenye Spek, programu ya bure inayochora wimbo: muda unakwenda kulia, masafa yanapanda juu. Nyimbo za flashi zinajiumbua zenyewe. Faili limeandikwa 320, lakini mchoro umekatwa kama kwa rula karibu na kilohezi 16, alama ya MP3 ya kilobiti 128 iliyopikwa upya.

Hapa lakini pana mtego. Rekodi ya 1968 inaweza isiwe na kitu cha maana huko juu na bado ikawa halali kabisa. Tofauti iko kwenye namna inavyokwisha: kanda inafifia taratibu, na shiii inaendelea kupanda nyuma yake, iliyobanwa inakatika ghafla. Albamu moja niliyoijaribu ya biti 24, sampuli 96,000, ilikatika ghafla kwenye kilohezi 22 kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Hiyo ni ya 44,100 iliyovutwa ikavikwa lebo ya bei kubwa. Nimewaandikia wenye duka kudai tofauti ya bei, kimya mpaka leo.

Kitu kingine kilichonifurahisha: baadhi ya FLAC zina ukubwa wa nusu ya wenzake. Siyo ubovu. Ni mono halisi, sauti moja ileile kushoto na kulia. FLAC ikikuta chaneli mbili zinazofanana kabisa haihifadhi kitu kimoja mara mbili. Mono iliyopakwa stereo ya kubuni haipungui hivyo, kwa hiyo sasa ukubwa wa faili nao ni kipimo changu.

Mei, Kiboriloni

Nina rimasta mbili za nyimbo zilezile, zote FLAC, zote biti 16. Kwenye Audacity, programu inayochora ukubwa wa sauti, ya kwanza inaonekana kama tofali: sauti imesukumwa hadi dari tangu mwanzo. Ya pili ina vilele na mabonde. Niliishusha ya kwanza desibeli 6 zilingane, kwa sababu yenye sauti kubwa huwa inashinda hata kama ni mbaya, kisha nikampelekea bamdogo, ambaye ujana wake wote ulikuwa ukumbini. Sikumwambia ipi ni ipi.

"Hii inanipigia kelele tu, mwanangu," akasema ya kwanza ilipopita. "Na yule wa cherewa mmemfukuza?"

Kweli, aliyeisafisha aliondoa shiii, na cherewa, zile njuga za kutikisa, akazifuta humohumo. Kwenye ya pili shiii ipo, cherewa zipo, na gitaa la rithim unalisikia likijibizana na solo. Aina ya faili haina uwezo wa kurekebisha hilo. MP3 iliyotoka kwenye rimasta nzuri ninaichagua kabla ya FLAC ya lile tofali.

Sabufa yake kwenye flashi inasoma MP3 tu, na bluetooth yake inaubana wimbo upya njiani. Kwa jaribio nilitumia waya kutoka kwenye laptopu. Kwa matumizi yake ya kila siku nimemtengenezea MP3 za 320 kutoka kwenye FLAC zangu.

Kinachofuata

Majina. Wauzaji wanaandika wanavyotaka, na bendi zenyewe zilibadilika: NUTA Jazz ya 1964 ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Nikiziacha zilivyo, kompyuta inaniletea bendi nne. Naweka jina lililotumika siku ya kurekodi kwenye sehemu ya msanii, na "Msondo" kwenye sehemu ya kundi, ili kutafuta mara moja kulete zote. Nimefika JUWATA.