Degedege, Meno na Kipindupindu: Kulinganisha Vifo vya Miji ya Bandari

Anayetaka kulinganisha vifo vya karne ya 19 katika miji ya bandari ya Ulaya hukwama kwanza kwenye vitabu vya vifo vyenyewe, kwa kuwa daktari mmoja aliandika kwamba mtoto mchanga amekufa kwa degedege, mwingine akataja kuota meno, ilhali huenda wote wawili waliuawa na kuhara. Orodha ya kimataifa ya visababishi vya vifo ya Jacques Bertillon, mtakwimu Mfaransa, iliyopitishwa Chicago mwaka 1893, ilikuta vifo vingi vimekwisha kuandikwa kwa desturi ya kila mji. Kwa maoni yangu, kosa kubwa ni kulazimisha maelezo hayo yawe ugonjwa wa leo: degedege ni dalili, na ibaki katika fungu la dalili, hata kama fungu lenyewe litafura kupita kiasi. Kipindupindu, wakati wa mlipuko, hakisumbui hivyo. Mwaka 1892 kiliua zaidi ya watu 8,000 Hamburg, mji wa bandari wa Ujerumani uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, huku Altona, jirani yake aliyechuja maji ya mto huohuo, ikipata vifo vichache mno. Ndiyo maana napendelea kuanza na milipuko, kisha ndipo niviguse vifo vya watoto wachanga.