Siku Moja ya Baba Mwenye Nyumba

Saa 11:00 alfajiri. Sakina, hapa Arusha, bado ni giza, na baridi ya Julai inapenya hadi chini ya blanketi. Ninaamka, ninarudia sentensi zangu saba nikiwa bafuni, kisha ninavaa shati la mistari la mhusika, kwa kuwa katika uzalishaji wetu mwigizaji huja na nguo zake.

Kazi yangu ni kuigiza, ingawa sura yangu haijawahi kubandikwa kwenye bango lolote. Mimi ndiye mlinzi wa getini, hakimu wa mahakama ya mwanzo, mjomba anayezuka msibani kugombea mirathi na, kwa miezi minne sasa, baba mwenye nyumba katika tamthilia ya televisheni. Wengi wakisikia mwigizaji mwenye mvi hutarajia vichekesho vya marehemu King Majuto. Mimi sichekeshi, nadai kodi.

Saa 12:15, ndani ya kifodi, mama mmoja wa rika langu alinikazia macho tangu tulipoondoka kituoni. Nilipomsalimu hakuitikia. "Wewe baba," akasema mbele ya abiria wote, "yule binti uliyemtolea vyombo nje na mtoto mgongoni, Mungu anakuona." Nikamweleza kwamba ninasema tu nilichoandikiwa, naye akageukia dirishani. Konda alicheka sana, lakini nauli yangu aliichukua. Nakiri kwamba niliposhuka karibu na Mnara wa Saa nilikuwa ninatabasamu, maana chuki ya namna ile haipatikani bila kazi.

Saa 2:00 nilikuwa Njiro, kwenye nyumba iliyokodiwa kwa ajili ya kurekodia.

Tukio la siku lilikuwa fupi: nimekaa barazani ninakula mtori, mpangaji anaomba nimwongezee wiki mbili, nami simtazami. Mtazamaji ataliona kwa dakika mbili. Sisi hulirekodi kwanza kwa picha ya mbali, kisha kamera inamwendea binti, kisha inanigeukia mimi, kisha mkono na bakuli, na kila mara ninaanza kula upya. Kijiko hakina budi kufika mdomoni kwenye neno lile lile, kwa sababu mhariri akiunganisha picha mbili, na kijiko kikawa bakulini katika moja na mdomoni katika nyingine, tukio limeharibika. Neno langu lilikuwa "wiki". Pale Bagamoyo nilikosoma, katika chuo cha sanaa ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa TaSUBa, nilijifunza kupaza sauti, kucheza ngoma na kulia machozi ya kweli. Kula mtori uliopoa mara 14 nimejifunzia kazini. Ukipoa hufanya utando juu, na nyama huwa kama kamba.

Tulianza chini ya wingu zito, kama ilivyo kawaida ya Arusha msimu huu, na picha zote za mwanzo zikatoka na mwanga wa kijivu. Ilipokaribia saa 5:30 jua likachomoza, Mlima Meru ukaonekana hadi kileleni, watu wa mtaani wakafurahi, nasi tukakwama. Kivuli cha nguzo kilikuwa kimelala usoni mwangu, na huwezi kukata kutoka uso wa kijivu kwenda uso wenye kivuli ndani ya mazungumzo yale yale. Ikabidi tungoje wingu. Liliporudi, fundi wa mageti wa nyumba ya pili akawasha mashine ya kukatia chuma. Msimamizi wa uzalishaji akaenda kumbembeleza, akampa shilingi 10,000 anyamaze nusu saa. Fundi akanyamaza kwa uaminifu kabisa, na nusu saa hiyo yote jua likawaka. Wingu lilipotanda tena muda wake ulikuwa umekwisha, akarudi kwenye geti lake, na kusema kweli sikuweza kumlaumu.

Zamu ya picha yangu ya karibu ilipofika, sijui saa ngapi, binti alikuwa ameshaondoka kuwahi shughuli nyingine. Asubuhi nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera nikimpa maneno yangu yote kwa moto ule ule, ili machozi yake yapate pa kutokea. Mimi nilisomewa maombi yake na kijana wa kubeba nyaya, "naomba baba nionee huruma", kwa sauti ya mtu anayesoma risiti ya umeme. Nilimkatalia hivyo hivyo. Posho ya siku ni shilingi 60,000, na ya wiki iliyopita bado ninaifuatilia.

Giza lilipoingia nilikuwa Kaloleni kwenye mazoezi ya jukwaani. Kutwa nzima nilikuwa nimepunguza kila kitu, kwani mbele ya kamera nyusi ikipanda kidogo tayari umepiga kelele. Sasa mwongozaji alikuwa amekaa kiti cha mwisho ukumbini akilalamika kwamba hanisikii. Alinirudisha mlangoni mara tano.

Nilipofika nyumbani, mama watoto alilitazama shati, akaona doa la mtori kifuani, akaenda kutafuta beseni. Ilinibidi nimwahi. Kesho tunaendelea pale pale barazani, na katika hadithi bado ni siku ile ile. Nimelitundika nyuma ya mlango, doa likitazama ukutani.