Taa tatu juu ya kila mashine

Nilipokabidhiwa kazi ya kupanga mawasiliano kwenye kiwanda cha nguo hapa Morogoro, jibu nilishakuwa nalo: spika. Nikachora spika 16 darini na kupeleka makadirio kwa meneja uzalishaji.

Kabla hatujaagiza, nikashinda zamu nzima kwenye ukumbi wa kufuma. Mama mmoja anayeangalia mashine sita, moja ikamkwamia. Akainua mkono, fundi ameinama kule mwisho, hakuona. Akapiga mluzi, haukufika popote. Ikabidi aziache zote aende kumshika fundi bega. Nilitazama saa: dakika 11, na aliporudi mbili nyingine zilikuwa zimesimama.

Wakati wa mapumziko nikamwamkia, nikamuuliza kuhusu spika. Akachomoa kwanza pamba masikioni.

"Mwanangu, humu hatusikilizani, tunatazamana. Tuwekee kitu cha kuonekana."

Nikaazima kipima sauti, kikasoma desibeli 97. Wataalamu wengi wa usalama kazini hushauri mwisho uwe 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu. Kwa 97, sikio lisilo na kinga lina nusu saa tu. Na pamba si kinga. Hilo lilinikosesha raha kuliko mashine zilizosimama. Spika ya kushinda kelele ile ingewaumiza watu walewale. Nikaomba waletewe vizibo vya masikio vya kweli, na mchoro wangu nikauchana.

Wiki nzima nikaandika daftarini nani anamwita nani na kwa jambo gani. Wito mwingi ulikuwa wa fundi, kisha wa nyuzi. Basi kila mashine ikapata nguzo ya taa tatu: nyekundu fundi, njano nyuzi zinakaribia kwisha, kijani kazi inakwenda. Nyekundu hukaa juu siku zote, kwa sababu kijana mmoja alinivuta pembeni akaniambia hatofautishi nyekundu na kijani. Swichi ni kubwa, usawa wa kiuno, inabonyezwa bila kuitazama. Umeme wake ni volti 24, na nyaya nilizipitisha mbali na za mota.

Redio kol tulinunua chache, za mafundi, wasimamizi wa zamu, boila na ghala. Kibali cha masafa ya redio kinatoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kwa hiyo anza kukifuatilia mapema. Ukiweza, azima mbili uzunguke nazo kabla ya kulipa. Zetu zilinyamaza nyuma ya marobota, tukahamisha meza ya mtunza ghala.

King'ora cha moto nilikitenga kabisa, na betri yake na taa za kumulika, maana vumbi la pamba hushika moto upesi.

Usiku wa kwanza mama yule alibonyeza nyekundu, akageukia uzi uliokatika mashine ya jirani. Fundi alifika hajamaliza kufunga fundo.