Dada aliyebaki na nyimbo

Stima zimepotea tangu saa nane, mvua inapiga mabati, na simu imebaki na chaji ya asilimia thelathini. Nimeamua chaji yote iishie kwa June Carter Cash, mwimbaji wa kantri wa Marekani.

Nakuru kwetu, kantri ni muziki wa Jumapili baada ya chakula, wakati wazee wamelegeza viatu na hakuna anayetaka kuosha vyombo. Lakini Wildwood Flower si albamu ya kusindikizia usingizi. Ni ya mwisho ya June. Aliirekodi kati ya 2002 na mapema 2003, akiwa na miaka 73, na sehemu kubwa haikurekodiwa studio mjini bali kijijini kwao Maces Spring, Virginia, chini ya mlima Clinch, katika nyumba ya wazazi wake. Mtayarishaji ni mwanawe, John Carter Cash. Mumewe, mwimbaji Johnny Cash, anaimba humo, na jamaa wengine wa ukoo wamo.

Mara ya kwanza nilishtuka. Sauti imechakaa kweli. Inakwaruza, inaifuata noti na kuteleza kabla haijaifikia, halafu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikafikiri, kwa nini hawakumwambia arudie? Nimeisikiliza mara nyingi tangu hapo na sasa jibu nadhani ninalo, ila lazima nianzie mbali kidogo.

Agosti 1927, A.P. Carter alimpakia kwenye gari mkewe Sara na shemeji yake Maybelle, wakaenda Bristol, mji uliokaa mpakani mwa Tennessee na Virginia. Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor alikuwa ameweka mitambo huko akitafuta waimbaji, na malipo yalikuwa dola 50 kwa wimbo. Sara alikuwa na mtoto wa kunyonya. Maybelle alikuwa na miaka 18 na mimba kubwa. Wakarekodi nyimbo sita. June alizaliwa miaka miwili baadaye, binti wa Maybelle, kwa hiyo A.P. ni baba yake mkubwa, na Sara ni mama yake mkubwa kwa pande zote mbili, maana Sara na Maybelle walikuwa binamu wa damu. Ukoo wa namna hiyo sisi hatuhitaji kuchorewa.

(Siku mbili baada yao, mahali palepale, alirekodi Jimmie Rodgers, mwimbaji mwingine wa kantri. Santuri zake zilifika hadi kwa Wakipsigis, na mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kapkatet wakimwimba kama kiumbe nusu mtu, nusu paa. Jina lake midomoni mwao likawa Chemirocha. Kila nikipita barabara ya kule huwa nacheka peke yangu.)

Nyimbo zenyewe A.P. hakuzitunga zote. Alizunguka milimani nyumba hadi nyumba akiomba watu wamwimbie walizorithi, mara nyingi akiwa na Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi aliyekuwa na mguu mmoja. A.P. aliandika maneno, Riddle alibeba tuni kichwani. Na Maybelle akazipa mdundo: kidole gumba kikipiga wimbo kwenye nyuzi nene, vidole vingine vikikwangua nyembamba. Gitaa moja likasikika kama mawili.

Sasa June. Maybelle alikuwa na wasichana watatu. Helen alikuwa fundi wa vyombo. Anita alikuwa na sauti, ile sauti yenyewe. June hakuwa nayo, na kila mtu nyumbani alijua, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Akapewa otohapu, kile kisanduku cha nyuzi kinachokumbatiwa kifuani, na akapewa kazi ya kuchekesha watu. Hata alipotunga wimbo “Ring of Fire” pamoja na mtunzi Merle Kilgore, aliyeirekodi kwanza ni Anita. Johnny alifuata baadaye, 1963.

Maybelle akafa 1978. Helen 1998. Anita 1999. Akabaki yule wa vichekesho.

Hapo ndipo albamu hii inaponishika. Kwetu pia tulikuwa dada watatu, na aliyekuwa akianzisha nyimbo ni dada mkubwa. Mimi nilikuwa wa kuitikia, tena nyuma, karibu na mlango. Alipofariki, usiku wa kesha watu wakatazamana. Sijui nani alinisukuma. Nikaanza, nikaanzia juu mno, na kwenye ubeti wa pili aliyekuwa bado nami ni mjomba mmoja tu, naye alikuwa anapiga kelele zaidi ya kuimba. Watu wakacheka, kesha nzima ikacheka, hata mama. Mama mdogo akaniinamia akasema, “Wewe anza tu, mwanangu. Sisi tutakushika.”

June anaanza, na wanamshika. Unawasikia nyuma yake, nyumba nzima, hakuna anayejaribu kumfunika. Angerudia mara ishirini wangepata noti safi, sawa, lakini noti safi zilikuwa za Anita.

Alifariki Mei 15, 2003, baada ya upasuaji wa moyo. Julai 5 Johnny aliimba mara yake ya mwisho mbele ya watu, kwenye Carter Fold, ukumbi wa ukoo palepale Maces Spring. Albamu ilitoka Septemba, na mwezi huohuo naye akaondoka. Mwaka uliofuata ikapewa Grammy mbili, moja ya uimbaji wa mwanamke katika kantri. Uimbaji! Natamani Helen na Anita wangekuwepo wamtanie.

Kati ya nyimbo wameingiza vipande vya redio vya zamani, enzi za utoto wao, mwishoni mwa miaka ya 1930, walipokuwa wakiimba kwenye XERA, kituo cha redio mpakani mwa Mexico. Vinakuja ghafla, na mkwaruzo wa santuri. Kitoto kinaongea kwa kujiamini, halafu unaingia wimbo wa bibi wa miaka 73. Nimekirudisha kipande kimoja mara nne.

Asilimia tisa. Stima bado.