Miraj: kuifuata jawari ya tanpura

Mahalaxmi Express iliondoka Mumbai usiku, ikapita Pune na Satara, na kulipokucha nikashuka Miraj, mji wa wilaya ya Sangli, kusini mwa Maharashtra. Nilikuwa nalifuata neno moja tu la mafundi wa tanpura, ala ya nyuzi inayovuma bila kukoma nyuma ya mwimbaji wa Kihindi: jawari, kwa Kihindi जवारी. Mara nyingi neno hili hufafanuliwa kwa kifupi kuwa ni "mvumo", na hapo ndipo msomaji anapopotezwa.

Kutoka stesheni hadi mtaa wa mafundi, karibu na dargah (kaburi la walii) ya Khwaja Mira Saheb, ni mwendo mfupi wa riksho. Maduka yamebanana, na mabuyu makavu, ambayo huwa matumbo ya ala, yamening'inizwa milangoni, mengine makubwa kuliko sufuria la pilau. Mabuyu hayo hulimwa upande wa Mangalwedha, wilaya ya Solapur. Shingo na ubao wa sauti ni mbao za mti wa tun. Koo za mafundi hawa zilikuwa za Shikalgar, watu wa kunoa na kutengeneza silaha, waliohamia kwenye ala za muziki katikati ya karne ya 19. Mwaka 2024 sitar na tanpura za Miraj zilipewa nchini India alama rasmi ya kijiografia, inayolinda jina la bidhaa ya mahali fulani. Na papo hapo kwenye dargah amezikwa mwimbaji Abdul Karim Khan, aliyefariki mwaka 1937.

Ndani ya karakana neno jawari lilisikika kila baada ya dakika chache, na halikuwa na maana moja. Kwanza ni sura ya juu ya daraja, pale nyuzi zinapolala. Pili ni kazi ya kuichonga sura hiyo: *jawari karna*, जवारी करना, kuifanya jawari, au *jawari kholna*, जवारी खोलना, kuifungua. Tatu ni tabia ya sauti inayotoka. *Khuli jawari*, खुली जवारी, yaani iliyofunguka, hung'aa na kuvuma sana, kama sitar ya Ravi Shankar. *Band jawari*, बंद जवारी, iliyofungwa, ni ya duara na tulivu, kama ya Vilayat Khan. Kwa hiyo mtu akisema "jawari nzuri", tazama kidole chake kinaelekea wapi: kwenye mfupa, kwenye tupa, au kwenye sikio.

Daraja lenyewe kwa Kihindi ni *ghodi*, घोड़ी, farasi jike. Wapiga udi wa Kiarabu nao huliita faras, kwa hiyo msikilizaji wa taarabu hatashangaa. La tanpura ni kama kimeza kifupi chenye miguu miwili, cha mfupa, pembe au mpingo. Kwa macho linaonekana bapa. Weka rula ya chuma juu yake, inua usawa wa dirisha, utaona mwanga mwembamba ukipenya upande wa mbele: sura imeinama kidogo sana, unene wa karatasi na pungufu ya hapo. Jawari yote imo katika mwinamo huo.

Kazi huenda hivi. Fundi hulegeza nyuzi na kuzisogeza kando, kisha hupitisha tupa laini kwa mikono miwili, kufuata mwelekeo wa uzi, mara tatu nne tu. Anapangusa vumbi, anarudisha uzi, anaukaza mpaka kwenye sauti yake halisi, anapiga, anasikiliza mpaka mlio ufe wenyewe. Anashusha tena. Mizunguko hii hufika ishirini bila mtu kushangaa. Mwishoni ni msasa laini. Kosa la wanagenzi ni kupima uzi ukiwa umelegea: uzi uliolegea hutikisika kwa upana zaidi na hugusa daraja kwingine, hivyo jawari inayosikika nzuri hapo huharibika uzi ukikazwa.

Sura ikiwa bapa mno, uzi hupiga makofi juu ya mfupa na sauti inakwaruza. Ikiwa ya duara mno, mvumo haupo, sauti ni ya gitaa. Kukiwa na kinundu kidogo katikati, sauti huanza vizuri halafu hukatika ghafla. Na nyuzi zikishachimba mifereji baada ya miezi mingi ya kupigwa, ala nzima huchoka, na hapo dawa ni tupa tena. Kubadilisha unene wa nyuzi nako huvuruga jawari, hata kama daraja halijaguswa.

Kisha inakuja pamba. Chini ya kila uzi, juu ya daraja, hupitishwa kipande cha uzi wa kushonea. Huitwa *dhaga*, धागा, na wengine huita *jiva*, जीव, uhai. Ukisukumwa mbele au nyuma kwa unywele mmoja, sauti iliyokuwa imelala inachanua. Sababu ni kwamba uzi wa chuma haukai mahali pamoja: unapotetemeka unagusa na kuachia mteremko wa daraja, na kila mguso unazalisha sauti ndogo za juu. Mwaka 1921 mwanafizikia C. V. Raman aliandika kuhusu ala hizi, akieleza kwamba sauti za juu ambazo kwa kanuni ya Young na Helmholtz, kuhusu uzi unavyotetemeka, hazikupaswa kuwepo, kwenye tanpura zinasikika waziwazi.

Tanpura ina nyuzi nne, zilizokazwa kwa noti za muziki wa India, Sa ikiwa noti ya msingi: Pa, Sa, Sa, halafu Sa ya chini, *kharaj*, ambayo ni ya shaba. Kidole cha kati hupiga wa kwanza, cha shahada hupiga tatu zilizobaki, polepole, bila kukatiza. Sauti hukazwa kwanza kwa vigingi, kisha kwa ushanga, *manka*, ulio chini ya daraja: ukiusukuma kuelekea mkiani, sauti hupanda kidogo.

Jawari ikikaa sawa, kharaj inatoa sauti ambayo hakuna uzi uliokazwa kwayo: Ga. Waimbaji huiita *swayambhu gandhar*, स्वयंभू गांधार, gandhari (jina kamili la Ga) iliyojizaa. Nilikaa sakafuni, sikio karibu na buyu, na ilipotokea ilikuwa wazi kama mtu wa tano anayeimba chumbani. Hicho ndicho kipimo cha fundi. Isiposikika, daraja linarudi kwenye tupa.

Anayefikiri mvumo ni uchafu wa sauti asikilize ilimba ya Wagogo wa Dodoma, ambayo tundu la kasha lake huzibwa kwa utando wa buibui ili lilie kwa makusudi. Mafundi wa Miraj na wa Ugogo hawajakutana, lakini wanatafuta kitu kimoja.

Ukienda kuagiza, ulizwalo ni hili: *khuli ya band?*, iliyofunguka au iliyofungwa? Kabla ya kujibu, mpigie fundi Sa yako, kwa filimbi au simu, maana jawari huchongwa kwa sauti fulani, na mwanamke aliyechongewa kwa Sa ya mwanamume atapata tanpura isiyochanua. Wakati wa kufunga mzigo legeza nyuzi kiasi, usizitoe. Daraja likiwa halijagundishwa, chora mstari wa penseli kuzunguka miguu yake, na viache vile vipande vya pamba vilipo. Fundi alivifunika kwa karatasi na kuifunga kwa kamba kabla sijabeba tanpura kuelekea stesheni.