Cherehani ya Jirani

Jana usiku umeme ulikatika hapa Temeke, nikamalizia kwa mwanga wa simu kurasa za mwisho za Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952. Nilipokisoma nikiwa mwanafunzi, niliona majina yenyewe yamekwisha kutoa hukumu: Adili ni mwema, Hasidi na Mwivu ni waovu, waovu wakageuzwa manyani, na haki ikawa imetendeka.

Safari hii nilikwama kwingine. Adili ndiye anayelazimika kuwachapa ndugu zake kila usiku, naye huwachapa, kisha huwalisha na kuwabembeleza huku akilia. Naamini uzito wote wa hadithi umo katika machozi hayo, kwa sababu haki haijisimamii yenyewe. Lazima apatikane wa kushika mjeledi, na akiwa mtu mwema kweli, humuuma hata yeye. Nikamkumbuka Zakaria katika Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Ukali ule haukumlinda Rosa, ambaye mwishowe alijiua.

Mama yangu ni mwenyekiti wa kikoba cha mtaani. Mwaka jana jirani yetu, mtu tuliyezoea kuombana chumvi, alishindwa kabisa kurejesha mkopo, na Mama ndiye aliyekwenda kuchukua dhamana, yaani cherehani yake, kama katiba ya kikundi inavyotaka. Siku ile alirudi nyumbani akakataa chakula.

Tangu hapo cherehani imekaa sebuleni kwetu, imefunikwa kwa khanga. Kila Ijumaa Mama huifunua, hudondosha mafuta kwenye matundu yake, kisha hulizungusha gurudumu kwa mkono, polepole, mpaka sindano ipande na kushuka bila kukwaruza. Nilimuuliza kwa nini asiwaachie wanachama waiuze wagawane chao.

“Haki yao naijua, mwanangu, ndiyo maana nikaenda kuichukua,” alinijibu. “Nimewaomba wasubiri. Na siku ikirudi kwake, irudi inashona.”

Kwenye sindano bado umo uzi wa kijani ambao jirani alikuwa akishonea siku ile. Mama huupitia pembeni kwa kitambaa anapofuta vumbi, wala hajautoa.