Sikumsalimia

Leo siku ya nne, na Shangazi bado anaongea kichwani mwangu.

Jumapili hatimaye nilimpeleka Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe. Nilimwahidi tangu alipofanyiwa operesheni ya jicho. Ni kilomita kama 15 tu toka Iringa mjini, na mwalimu mzima wa historia nimekuwa nikipiga danadana. Kwenye daladala nikammwagia yote: ngome ilivyoangushwa na mizinga ya Wajerumani Oktoba 1894, Mkwawa akaingia porini akapigana nao karibu miaka minne, akajipiga risasi Mlambalasi mwaka 1898, kichwa kikakatwa kikapelekwa Ujerumani. Yeye ni "mhm", mkoba kaupakata.

Ndani, fuvu liko kwenye kioo. Mimi tayari simu iko juu. Shangazi akafungua kanga, akaifunga upya vizuri, akakunja goti kidogo.

"Kamwene."

Akanyamaza, kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Halafu akanigeukia.

"Wewe umemsalimia?"

"Shangazi, hili ni fuvu."

Ningeishia hapo ningekuwa na nafuu. Nikaongeza: "Tena wengine wana shaka kama ni lake. Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alilichagua kule Bremen, Ujerumani, kati ya mafuvu mengi, kwa kupima-pima, ndiyo likarudishwa 1954."

Akalitazama tena, taratibu, na lile jicho jipya.

"Kama si yeye, basi huyu ni mgeni. Mgeni hasalimiwi?"

Nimelitafutia jibu bafuni, nimelitafuta nikisahihisha madaftari, nimelitafuta kwenye kikao cha harusi ya mdogo wangu, na Jumanne nilipokabidhiwa barua ya uhamisho wa Makete nilikuwa bado nalitafuta. Mgeni hasalimiwi? Miaka yote hii nafundisha fuvu lile kama tarehe mbili, liliondoka lini, lilirudi lini. Mtihani unauliza mwaka, watoto wanajibu mwaka, nawawekea vema. Sijawahi kuwaza kwamba kama Twining alikosea, kuna mtu wa watu mle ndani, kwao hawajui alipo, na sisi tunampiga picha kwa jina la mwenzake.

Picha yenyewe imetoka na ukungu. Kwenye kioo naonekana mimi, mdomo wazi.

Lakini kuna kitu kimeniponya. Wakati tunatoka, Shangazi alimvuta pembeni yule kijana wa makumbusho akamnong'oneza, kwa uzito kabisa, kwamba mle ndani hewa ni nzito, wawe wanamfungulia dirisha asubuhi. Kijana akaitikia, "Sawa, bibi." Nimecheka peke yangu mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza kulikoni.

Jana nikampigia kumwambia nitarudi Kalenga kusalimia. Akasema vizuri, na sufuria yake kubwa nitairudisha lini?

Halafu lile simtanki langu la maji. Linavuja tena, safari hii kwenye koki, na fundi aliyeliziba mara ya kwanza hapokei simu.